Kampemba: Kabla ya kumfungia jirani Wi-Fi, pima pingi

Jioni katika komini ya Kampemba, kuanzia saa kumi na mbili hivi, intaneti ya nyumbani inapata kazi nyingi kwa mara moja. Wanafunzi wanarudi, wafanyakazi wa mtaa wa Industriel wanarudi, simu zote zinashika Wi-Fi, na vijana wanaingia katika michezo ya kufyatuliana risasi: Free Fire iliyotoka mwaka 2017, PUBG Mobile ya 2018, Call of Duty: Mobile ya Oktoba 2019. Ni saa hizo ndipo malalamiko yanapoanza. Adui amesimama mbele yako, unapiga, risasi hazimpati. Halafu anaruka hatua tano kwa ghafla na wewe umekwisha kufa. Vijana wanaiita hali hiyo lagi. Na mahali ambapo nyumba tatu au nne za lupango moja zinachangia abonema moja, lagi haibaki ndani ya simu. Inatoka nje kutafuta mtu wa kulaumiwa.

Katika lupango moja ya mtaa wa Bel-Air, mwezi wa Septemba, mtu huyo alikuwa mama mshonaji wa nyumba ya nyuma. Nyumba tatu za lupango hiyo zinalipia intaneti pamoja kila mwisho wa mwezi. Antena iko juu ya paa la nyumba ya mbele, ruta iko sebuleni kwa mzee mwenye lupango, na neno la siri linajulikana na wote. Mama mshonaji anatoa sehemu yake bila kuchelewa. Kazi zake zinaingia kwa WhatsApp: wateja wa Likasi, Kolwezi na Kipushi wanamtumia vipimo, naye anawatumia picha na video fupi za nguo kabla hawajalipa. Wajukuu wawili wa mzee, wanaocheza kila jioni, walikuwa wakimwona na simu mkononi saa zile zile mchezo unapoganda. Wakafunga kesi haraka. "Njo mama wa nyuma anakula mega yetu," wakamwambia babu yao. Mzee akasema basi, mwisho wa mwezi atabadilisha neno la siri.

Kwa vijana hilo lilikuwa jambo dogo la mchezo. Kwa mama halikuwa dogo. Septemba ni mwezi wa minervali, watoto wanarudi darasani, na mshonaji asiye na intaneti ya nyumbani atalazimika kununua mega za simu kila siku ili aonyeshe kazi yake. Tena kuna aibu ya kufungiwa mlango na watu mnaochota maji pamoja, kwa kosa ambalo hujaonyeshwa.

Aliyeingilia kati ni mpangaji wa nyumba ya katikati, kijana anayetengeneza simu sokoni. Hakusema mama ana haki, wala hakusema wajukuu wanasingizia. Alisema tu kwamba hadi siku ile hakuna mtu aliyepima kitu. "Mzee, unipatie juma moja," akamwambia. "Kisha utabadilisha neno la siri ukijua unamfungia nani." Mzee, ambaye hapendi kelele ndani ya lupango yake, alikubali.

Jambo la kwanza fundi alilolieleza ni kwamba mchezo wa risasi hauli mega nyingi. Kwa kawaida saa nzima ya kucheza inatumia makumi ya megabaiti tu, wakati video ya ubora wa juu inaweza kumaliza kiasi hicho kwa dakika mbili au tatu. Mchezo unatuma habari ndogo ndogo bila kupumzika: nimesogea, nimegeuka, nimefyatua. Kila habari ni nyepesi, lakini inapaswa kufika kwa wakati. Simu inayoonyesha picha 60 kwa sekunde inabadilisha picha kila baada ya milisekunde 17 hivi. Habari ikichelewa milisekunde 200, picha 12 zimekwisha kupita, na adui unayemlenga hayupo tena pale unapomwona. Kwa hiyo swali la "mega zimeenda wapi" halikuwa swali lenyewe. Swali lilikuwa: habari zinachelewa wapi njiani?

Chombo cha kujibu swali hilo ni cha zamani. Desemba 1983 Mike Muuss, aliyefanya kazi katika maabara ya jeshi la Marekani, aliandika programu ndogo aliyoiita ping, kwa sauti ya mitambo ya manowari inayopiga mlio na kusikiliza mwangwi. Programu inatuma pakiti, inangoja irudi, na inahesabu muda. Leo vijana wanaita muda huo wenyewe pingi, na michezo mingi inauonyesha pembeni mwa kioo. Kompyuta yoyote inaweza kufanya kazi hiyo bila malipo, na simu pia, kwa programu ndogo za bure.

Fundi aliigawa safari katika vipande vitatu. Kipande cha kwanza ni kutoka simu hadi ruta ya nyumbani. Cha pili ni kutoka ruta kupitia antena hadi nje, kwenye intaneti yenyewe. Cha tatu ni kutoka hapo hadi seva ya mchezo, yaani kompyuta inayowasimamia wachezaji wote wa pambano. Anayetazama pingi ya mchezo peke yake anaona jumla ya vipande vyote vitatu, na hawezi kujua ni kipi kibovu. Inabidi kupima kila kipande kwa dakika moja au mbili, mara moja alfajiri watu wakiwa wamelala, mara nyingine saa mbili za usiku.

Usiku wa kwanza alikaa katika chumba cha wajukuu akapima hadi ruta tu, kwa anwani yake ya ndani, ambayo kwa ruta nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Hapa hesabu nzuri ni milisekunde chache, tuseme kati ya 1 na 5. Yeye alipata 4, kisha 90, kisha 7, kisha 180. Habari zilikuwa zinakwama kabla hazijatoka hata ndani ya nyumba. Ruta ilikuwa imewekwa chini, nyuma ya televisheni, na kati yake na chumba cha vijana kuna kuta mbili za matofali ya kuchoma. Tena ilitumia masafa ya gigahezi 2.4, ambayo ndiyo yanayotumiwa na karibu kila ruta ya majirani, na pia na vifaa vya Bluetooth kama vile vipokea sauti vya masikioni. Katika masafa hayo kuna chaneli tatu tu zisizoingiliana: ya 1, ya 6 na ya 11. Programu ya bure ya kuangalia Wi-Fi ilionyesha ruta saba za jirani zimerundikana kwenye chaneli ya 6 pamoja na ile ya mzee.

Dawa ya kipande hiki haikuwa ghali. Ruta ilipandishwa juu ya kabati katika korido, mahali pa wazi. Chaneli ikahamishwa hadi ya 11, iliyokuwa na watu wachache. Simu za nyumba ya mbele zikawekwa kwenye masafa ya gigahezi 5, ambayo hayapenyi kuta vizuri lakini hayana msongamano, na zile za nyuma zikabaki kwenye 2.4. Kompyuta ya mjukuu mkubwa ikaunganishwa kwa kebo, kwa sababu kebo haisumbuliwi na ukuta wala na jirani. Usiku wa pili pingi hadi ruta ilikuwa 2, 3, 2, 4. Vijana walifurahi, wakaingia mchezoni. Kwa nusu saa mambo yalikuwa mazuri. Kisha pingi ikaruka hadi 600, na macho yote yakageuka tena upande wa nyumba ya nyuma.

Sasa zamu ilikuwa ya kipande cha pili. Kwenye kipande hiki mtu wa Lubumbashi hahitaji maneno ya kitaalamu, kwa sababu anaijua Kasumbalesa. Kutoka mjini hadi mpakani ni chini ya kilomita 100. Gari dogo linafika mapema. Lakini lori la shaba linaweza kufika mpakani na kulala hapo, pengine siku kadhaa, kwa sababu ya foleni. Ukipanua barabara ya kutoka Lubumbashi, malori yatafika kwenye foleni haraka zaidi, basi. Kinachochelewesha ni mlango. Na mtu wa pikipiki mwenye barua moja mkononi, akilazimishwa kupanga mstari nyuma ya malori, atalala pamoja nayo.

Ndivyo inavyokuwa ndani ya ruta. Abonema ya lupango ile ilikuwa na njia pana ya kushuka, yaani ya kupokea, lakini njia ya kupanda, yaani ya kutuma, ilikuwa megabiti 2 tu kwa sekunde, sawa na kilobaiti 250. Simu ikianza kutuma video, pakiti zake zinajaa mlangoni na ruta inazipanga foleni. Kama foleni ina kilobaiti 150, basi pakiti inayofika mwisho itangoja milisekunde 600 kabla ya kutoka. Habari ya mchezo, "nimefyatua", ndiyo ile barua ya pikipiki. Wahandisi wanalijua tatizo hili vizuri. Mmarekani Jim Gettys alilipatia jina na kulipigia kelele tangu miaka ya 2010 na 2011: watengenezaji wa vifaa walikuwa wameweka nafasi kubwa mno za kungojea, wakidhani wanaokoa pakiti, kumbe wanazichelewesha zote. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walitoa njia ya kuisimamia foleni hiyo, na ruta nyingi za sasa zina njia hiyo au nyingine inayofanana nayo.

Ilibaki kujua malori ni ya nani. Hapa fundi alifanya kitu ambacho wengi hawakifanyi: alifungua ukurasa wa ndani wa ruta, unaoonyesha kila kifaa na kiasi kinachotuma. Simu ya mama mshonaji ilikuwepo, kweli. Jioni ile alikuwa ametuma video moja ya megabaiti 60. Kwa megabiti 2 kwa sekunde, video hiyo ilishika mlango kwa dakika nne. Vijana wakaanza kutingisha vichwa. Lakini chini yake kulikuwa na simu mbili nyingine zilizokuwa zikituma bila kukoma tangu saa moja usiku. Zilikuwa simu zao.

Maelezo yake ni rahisi. Wajukuu wale wana desturi ya kurekodi kioo wakati wa kucheza, ili waonyeshe wenzao shuleni namna walivyoshinda. Rekodi ya dakika kumi inaweza kufika megabaiti 800. Na simu zao zilikuwa zimewekwa kuhifadhi kila picha na kila video kwenye akaunti ya mtandaoni mara tu zinaposhika Wi-Fi. Rekodi moja kama hiyo inashika mlango wa megabiti 2 kwa dakika 53. Walikuwa wanapigana mbele na kujizibia njia nyuma. Mama alikuwa na lori moja, wao walikuwa na msafara.

Hakuna aliyecheka sana. Mzee aliuliza swali moja tu: "Na mama je, tutamwambia nini?" Mjukuu mkubwa ndiye aliyepeleka habari nyumba ya nyuma, kwa miguu yake, kabla ya kulala.

Matengenezo yalikuwa mawili. Kwanza, kuhifadhi kwa kujiendesha kulizimwa katika simu zote za lupango, na rekodi zikapewa saa zake za kutumwa, baada ya saa tano usiku. Pili, ruta iliwekewa kikomo: isitume zaidi ya asilimia 85 ya uwezo uliopimwa, na igawe zamu kwa vifaa vyote. Kikomo hicho kinashangaza watu wengi, kwa sababu kinaonekana kama kupoteza kitu mlicholipia. Lakini kwa kupunguza kidogo, foleni inakaa ndani ya ruta yenu, mahali ambapo mnaweza kuipanga, badala ya kujaa kwenye vifaa vya kampuni ambavyo hamvigusi. Ni kama afisa wa zamu anayewapisha watu wa pikipiki kati ya malori. Usiku wa nne mama alituma video mbili wakati vijana wanacheza. Pingi hadi nje ilipanda kutoka 40 hadi 55, ikakaa hapo.

Kipande cha tatu ndicho kigumu kukubali, kwa sababu hakitengenezwi na mikono ya Kampemba. Mwanga ndani ya faiba unakwenda kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Kutoka Lubumbashi hadi Johannesburg, kwa mstari wa ndege, ni kilomita 1,600 hivi. Kwenda na kurudi haiwezi kuwa chini ya milisekunde 16, hata kama kila kifaa njiani ni kipya. Ulaya ni mbali zaidi, na kebo hazipiti angani. Pakiti ikienda kusini kupitia Zambia hadi Cape Town, kisha ikapanda baharini kwa kebo ya WACS yenye urefu wa kilomita 14,500 hivi hadi London, itakuwa imetembea zaidi ya kilomita 17,000 kwa upande mmoja. Kwenda na kurudi ni milisekunde 170, kabla hujahesabu foleni hata moja. Hakuna abonema inayoweza kuununua muda huo.

Na kebo zenyewe zinakatika. WACS, iliyofikishwa Muanda na kuanza kutumika nchini mwaka 2013, ilikatika Agosti 2023 kwa maporomoko ya chini ya bahari katika bonde la mto Kongo. Machi 2024 ikakatika tena pamoja na nyingine tatu mbele ya Abidjan. Mei 2024 ilikuwa zamu ya upande wa mashariki: kebo za EASSy na Seacom zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini. Siku kama hizo pakiti zinazungushwa njia ndefu, na pingi inapanda kwa kila mtu, kwa mwenye ruta nzuri na kwa mwenye mbovu. Siku hizo hakuna jirani wa kulaumiwa, na hakuna sababu ya kubadilisha kitu nyumbani. Inabidi kungoja meli ya matengenezo.

Wajukuu walikuwa wanacheza kwenye seva ya Ulaya bila kujua. Binamu yao anaishi Brussels, na katika mchezo wao, anayeanzisha kikosi ndiye anayewavuta wengine kwenye seva yake. Wakicheza naye, pingi ni 210 hivi. Wakicheza wenyewe na kuchagua seva ya Afrika Kusini, ni 60 hivi. Si kila mchezo unaruhusu kuchagua. Mingine inaifunga akaunti na eneo lake tangu siku ya kuifungua. Wao waliweza, wakaanza kushinda siku za juma. Lakini Jumapili jioni bado wanarudi Ulaya. Mjukuu mdogo alieleza kwamba binamu hapigi simu. Anaongea anapocheza, anauliza habari za bibi, anauliza kama mvua imeanza. Pingi ya 210 ni bei ya kusikia sauti yake, na wanailipa kwa hiari.

Kuna jambo jingine lililoleta amani kati ya vijana wenyewe. Mara kwa mara mmoja alikuwa anajificha nyuma ya ukuta na bado anakufa, kisha anapiga kelele kwamba adui ni mdanganyifu. Mara nyingi si udanganyifu. Desemba 1996, kwa mchezo wa QuakeWorld, John Carmack aliweka njia ya kumruhusu mchezaji aone mwendo wake mara moja bila kungoja jibu la seva. Mwaka 2001 Yahn Bernier wa kampuni ya Valve alieleza kwa maandishi namna seva inavyorudisha saa nyuma ili kujua mpigaji alikuwa anaona nini alipofyatua. Kwa adui mwenye pingi kubwa, wewe ulikuwa bado hujafika nyuma ya ukuta, seva ikamwamini. Kwake yeye ni haki, kwako ni kifo cha ajabu. Bila mpango huo, ni wachezaji wa mbali kama wa Lubumbashi ambao wasingempiga mtu yeyote.

Si kila kuganda ni lagi, vilevile. Kama picha inakwama lakini pingi inabaki chini, tatizo ni simu. Oktoba Lubumbashi ina joto, na simu iliyopata joto inajipunguzia nguvu ili isiungue. Kutoa kifuniko, kushusha ubora wa picha, na kutocheza ikiwa inachajiwa kunasaidia kuliko kununua mega.

Halafu kuna umeme. Delestaje ikija, ruta inazimika, na kila nyumba ya mtaa inahamia mega za simu kwa dakika ile ile. Mnara unaopaswa kuhudumia wachache unapata umati, na pingi ya simu inapanda hapo hapo. Lupango ile ilichanga tena kidogo, ikanunua betri ndogo ya volti 12 yenye uwezo wa saa-ampea 7. Kwa hesabu ya karatasi betri hiyo ina wati-saa 84. Ruta na antena pamoja zinakula wati 15 hivi, na kwa kuwa betri ya aina hiyo haipendi kumalizwa, inatoa saa mbili hadi tatu. Fundi alitia onyo moja kwa mtu anayetaka kuiga: soma kwanza maandishi ya chini ya ruta. Kuna za volti 12, kuna za 9, kuna za 5, na ile ya volti 5 ukiipa 12 imekwisha.

Kuna vitu ambavyo hawakuvinunua. Hawakununua abonema kubwa zaidi, ingawa wajukuu waliiomba kwanza kabisa. Mlango ungepanuka kidogo na msafara wao ungeujaza tena. Hawakulipia programu zinazoahidi kupunguza pingi. Programu hizo zinazipitisha pakiti kwenye kompyuta nyingine njiani. Zinaweza kusaidia pale ambapo njia ya kampuni inazunguka vibaya, lakini mara nyingi zinaongeza safari, na umbali haziufupishi. Waliongea pia juu ya setilaiti, kwa sababu Mei 2025 mamlaka ya ARPTC ilitangaza kuipa Starlink leseni nchini. Setilaiti zake zinapita kwenye kimo cha kilomita 550 hivi, tofauti na zile za zamani za kilomita 35,786, ambazo peke yake zinaongeza karibu nusu sekunde na haziwezi kutumika kwa mchezo wa risasi. Mzee alisema watafikiri baadaye. Kwa sasa foleni yao ilikuwa ya nyumbani.

Mwisho wa mwezi neno la siri halikubadilishwa. Badala yake kwenye ukuta wa korido, karibu na ruta, kuna karatasi iliyoandikwa kwa kalamu: rekodi na masasisho ya michezo baada ya saa tano usiku, video za kazi wakati wowote, anayeona lagi apime hadi ruta kwanza, kisha hadi nje, kisha aseme. Mstari wa video za kazi uliongezwa na mzee mwenyewe. Mama mshonaji hakuombwa kupunguza kitu.

Lagi haijaisha katika lupango hiyo. Kuna jioni ambazo pingi hadi nje inapanda na ukurasa wa ruta hauonyeshi kifaa chochote kinachotuma. Hapo tatizo liko kwa kampuni, na fundi anaandika saa na hesabu kwenye daftari ili mzee apige simu akiwa na kitu mkononi. Watu wa huduma kwa wateja wanamsikiliza zaidi mtu anayesema "tangu saa moja hadi saa tatu, siku tatu mfululizo, kutoka 40 hadi 300" kuliko anayesema "intaneti yenu ni mbaya".

Kwa nyumba nyingine za Kampemba zinazochangia Wi-Fi, kazi ya kuanza nayo inachukua dakika sita tu: mbili hadi ruta, mbili hadi nje, mbili ndani ya mchezo, alfajiri moja na jioni moja. Andikeni hesabu hizo kwenye karatasi na mzitazame pamoja, wote wanaolipa wakiwepo, hasa yule anayeshukiwa.